Upole Wangu Ulikoanzia

Mimi hufundisha chekechea huku mtaani Lucky Summer, na mwezi uliopita tulipelekwa kwenye mafunzo ya siku tatu kuhusu makuzi ya mtoto. Mkufunzi, mama mmoja wa sauti ya taratibu, alitugawia karatasi zenye aina nne za watu: mtawala, mchangamfu, mchunguzi na mpole. Kila mmoja achague aina yake, kisha arudi utotoni kutafuta ilikoanzia. Sikupoteza muda. Nilitia alama kwenye mpole, na wenzangu wa meza moja wakatikisa vichwa kukubali kabla hata sijawaonyesha. Sifa hiyo nimeizoea. Mtu akinikanyaga kwenye foleni, mimi ndiye huomba msamaha.

Shida ilikuja kwenye swali la pili, lililotaka tukio moja la kabla ya miaka kumi linaloonyesha tabia hiyo. Nilishika kalamu nikidhani nitaandika kitu kitamu. Kilichonijia ni mfereji.

Tulikaa mtaa wa Baba Dogo, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyozunguka ua mmoja, na mfereji wa maji ulikuwa mmoja. Maji yalikuja kwa mgao, siku mbili kwa wiki, saa yoyote. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kuchunga mfereji, na kwetu kazi hiyo ilikuwa ya dadangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Sheria ilikuwa moja tu, na hata watoto wadogo waliijua: ukifungua mfereji ukakuta umekauka, ufunge. Usipoufunga, maji yatarudi wakati hakuna mtu.

Jumapili moja asubuhi, zamu ikiwa yetu na tumeshavaa nguo za kanisani, nilitaka kuosha kiatu kilichoingia matope. Nilikuwa na miaka tisa. Nikafungua mfereji, ukakoroma hewa tupu, hakuna hata tone. Mama akaniita kutoka getini, nikakimbia. Sikuufunga.

Tuliporudi saa saba, kabla ya majirani wengine kurudi, maji yalikuwa yanamiminika, mtaro umeziba kwa takataka, na yote yameelekea chumbani kwa jirani yetu, fundi wa nguo. Alikuwa mama wa Kiislamu mwenye cherehani moja, na asubuhi hiyo alikuwa ameenda Eastleigh kununua nyuzi. Idi ilikuwa imebakisha siku nne. Vitambaa alivyokwisha kukata alikuwa amevipanga kwenye mkeka sakafuni, kila mteja na rundo lake, na rangi ya gauni jekundu ilikuwa imeingia kwenye kanzu nyeupe za wavulana. Aliporudi hakupiga kelele. Aliketi kitandani, miguu ndani ya maji, akaanza kukamua kanzu mojamoja.

"Nani aliwacha mfereji wazi?" mama aliuliza, lakini alikuwa ameshamgeukia dadangu. Dadangu alikuwa mtu wa kelele, wa kuunguza ugali na kupoteza sweta za shule.

"Si mimi! Haki ya Mungu si mimi!"

Nilisimama kando na Biblia yangu ndogo kwapani, nikafyata ulimi. Hakuna aliyeniuliza, na hilo ndilo nililojitetea nalo kwa miaka mingi: ningeulizwa ningesema. Uongo mtupu. Nisingesema.

Mama alimuuliza jioni hiyo, akamuuliza kesho yake, kwa fimbo na bila fimbo. Siku ya tatu dadangu akasema, "Pengine ni mimi. Sikumbuki." Muhula ulipofungwa akapelekwa kwa nyanya mashambani akafunzwe uangalifu, na huko akakaa miaka miwili. Nami nikaanza kuwa mtoto mzuri. Niliosha vyombo bila kutumwa, sikuwajibu wakubwa, sikugombana na mtu. Walimu waliandika kwenye ripoti kwamba nina heshima. Nilikuwa na woga tu. Mtoto anayeogopa kugundulika hathubutu kumkasirisha mtu.

Swali la tatu lilitaka tumhoji mtu aliyetujua utotoni. Mama alifariki miaka miwili iliyopita, kwa hiyo Jumamosi mchana nilienda kwa dadangu na karatasi yangu. Nilimkuta akichambua maharagwe kwenye sinia. Yeye hufanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha sabuni, na akitoka nyumbani hurudi mara tatu kuhakikisha kama amefunga mlango.

"Andika hivi, mwalimu," alinitania. "Alikuwa mpole mpaka anaboesha, anachosha."

Nikaandika. Akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Kazini wanataka nishike funguo za stoo kuanzia Jumatatu. Nimewaambia watafute mtu mwingine."

"Kwa nini?"

"Aki wewe! Mimi ni mtu wa kupewa funguo? Si mimi ndiyo niliharibia watu Idi?"

Alisema huku akicheka, na kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Mtu anakaribia miaka arobaini, bado anajihesabu kuwa mzembe kwa kosa langu mimi. Nilidhani nilimwachia kosa la siku moja, kumbe nilimwachia tabia nzima.

"Ni mimi nilifungua ule mfereji," nikasema. "Nilitaka kuosha kiatu. Wewe hata hukuugusa. Chukua hizo funguo."

Mikono yake ikatulia juu ya sinia. Nilisubiri anitukane, na ningemshukuru. Hakunitukana. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliponiona.

"Mathe alijua?"

"Hapana. Mama hakujua."

"Hata akiwa hosi?"

"Hata hospitalini."

Akainamisha kichwa. "Mimi siku ile ya mwisho aliniambia nikifika nyumbani nihakikishe nimezima gesi. Ni hiyo tu. Wewe alikuambia nini?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Kunyamaza ni jambo nililolifanyia mazoezi maisha yangu yote. Lakini aliuliza akinitazama machoni, nami nikamjibu.

"Alinishukuru. Alisema mimi sijawahi kumpa shida hata siku moja."