Asiyekula Hupulizwa

Mume wa dada yangu Angèle, Papa Eugène Kabongo wa mtaa wa Kikula hapa Likasi, hajawahi kuwekewa kitu mbele yake akakiacha. Ukimpa bukari, ugali wetu, anakula, ukimpa sifa anakula, ukimpa uongo anakula na kuuliza kama umebaki. Wakati mmoja alikuwa na fungu lake katika shimo la shaba kule Kambove. Akaja mtu na pikipiki inayotoa moshi, akamwambia wabadilishane. Hakuuliza hata kama ina breki. Shimo lile mpaka leo linalisha nyumba za watu. Pikipiki iko hapa uwanjani, na kuku wangu hutagia juu ya kiti chake. Mimi ni Danielle, tunakaa uwanja mmoja, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Mahali anapojiona mfalme ni mbele ya kibanda cha kinyozi Rolly, kwenye ubao wa dama. Ninyi wengine mnaiita drafti. Kete zetu ni vifuniko vya chupa, vya bia upande mmoja, vya soda upande wa pili. Na kanuni ya dama kila mtoto wa Kikula anaijua: kete ya mwenzako ikikaa mahali pa kuliwa, lazima uile. Usipoila, mwenzako anaiokota ile kete yako iliyokataa kula, anaipuliza fuu!, anaitia mfukoni, kisha anaendelea kucheza. Tunasema amekusouffle. Papa Eugène anaipenda kanuni hiyo kuliko amri kumi za Mungu, maana ndiyo kanuni pekee duniani inayomwamuru mtu awe mlafi.

Sasa mtu huyu ana binti, Plamedi. Jina hilo ni kifupi cha plan merveilleux de Dieu, mpango wa ajabu wa Mungu, na baba yake hulitaja lote kwa kirefu mbele ya wageni, kana kwamba mpango huo alishauriwa yeye. Mtoto alianza sataranji, ambayo hapa tunaiita échecs, katika ukumbi wa paroisse, yaani parokia, kwa Monsieur Guy, mwalimu wa hesabu anayefundisha watoto baada ya masomo. Alianza kwa kushindwa. Alishindwa na wakubwa, akashindwa na wadogo, akashindwa na mtoto aliyekuwa bado anakula kamasi. Nilikuwa namwona anarudi macho yamevimba, na kesho yake huyo tena njiani.

Nyumbani hakukuwa na ubao. Akaiba vifuniko vya baba yake, akavikwaruza kwa msumari: R ya roi, mfalme, C ya cavalier, farasi, hivyo hivyo mpaka jeshi likatimia. Akachora miraba sakafuni kwa mkaa. Kila mchezo alioshindwa aliupanga upya, hatua kwa hatua, mpaka aone alipokosea, kisha ndipo akubali kuja kula. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtoto huyu aliinama mpaka nikauhofia mgongo wake. Wakati huo wote unajua Papa Eugène alikuwa anafanya nini? Alikuwa anauliza nani anamwibia vifuniko.

Basi Jumapili moja baada ya misa, mbele ya watu, Plamedi akamshinda Monsieur Guy mwenyewe. Hapo ndipo baba aligundua kwamba amezaa.

“Njo don!” alipiga kelele, maana yake kipaji cha kuzaliwa nacho. “Munaona? Mu famille yetu shiye bote tuko na don. Iko mu damu!”

“Papa Eugène,” Monsieur Guy alimwambia kwa upole, “huyu mutoto anafanyaka kazi sana.”

“Kazi? Kazi ni ya bale benye habana don!”

Nilicheka mpaka Angèle akanifinya. Mwanamume ambaye kazi na yeye hawajasalimiana miaka yote hii, leo anaitukana mbele za watu! Lakini nimewachunguza hawa mashabiki wa don, na ninawajua. Wanaipenda kwa sababu haiwagharimu jasho. Mtoto akishinda, ni damu ya baba. Akishindwa, ni kosa la mwalimu. Ule mkaa kwenye magoti ya mtoto hakuna anayeuona.

Yakatangazwa mashindano ya watoto hapa Likasi. Mshindi angekwenda Lubumbashi kucheza na watoto wa jimbo zima. Plamedi hakutaka kingine. Hakutaka kiatu, hakutaka nguo ya Noeli. Alikuwa akitamka “Lubumbashi” kama mtu anayeonja chumvi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Madame Hélène, mwamuzi, alisoma kanuni asubuhi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: mtu wa nje asiseme neno, na ndugu wa mchezaji akigusa kete, mchezaji wake amepoteza. Papa Eugène hakusikia. Alikuwa nje, kwenye sinia la maandazi.

Plamedi akawapita wote mpaka mchezo wa mwisho, dhidi ya Elikia, mtoto wa fundi wa umeme kule Koni, kijana mpole mwenye akili nyingi. Walicheza taratibu. Mimi sijui échecs, lakini niliziona nyuso za watu waliokuwa wanajua, na zilikuwa upande wetu. Plamedi akamwacha askari wake mmoja wazi, bila mlinzi. Elikia akamtazama yule askari sana. Akaona ni mtego, akasogeza kitu kingine.

Ndipo baba mtu akainuka kwenye benchi, sukari ya maandazi bado kidevuni. Akatembea mpaka mezani. Akaiokota ngome ya Elikia, ile ambayo ingeweza kumla askari, akaipuliza fuu!, akaitia mfukoni.

“Hakukula!” alitangaza, akitugeukia sisi wote. “Minamusouffle! Mutoto yangu, endelea.”

Plamedi alifumba macho.

“Papa, hii haiko dama,” Madame Hélène alimwambia. “Turudishie ile tour. Na mutoto yako amepoteza.”

Nilimchukia siku ile, sitaficha. Elikia alikwenda Lubumbashi, akapunga mkono kwa aibu kama mtu aliyevishwa kofia ya mwenzake. Plamedi hakulia. Ni mimi niliyelia, kwa hasira.

Ungefikiri mwenye kosa atajificha. Wapi! Debe tupu haliachi kuvuma. Kesho yake alikuwa kwa Rolly akieleza kwamba kosa ni la Monsieur Guy. “Anafundisha batoto bakatae kula! Ile inauaka don. Plamedi hatarudia kule tena. Minye mwenyewe nitamufundisha.”

Plamedi alikuwa amesimama nyuma yake na mfuko wa shule begani.

“Papa,” alisema, “tucheze dama. Nikishinda, ninarudia kwa Monsieur Guy, na weye hautaingia tena mu ukumbi.”

“Na ukipoteza?”

“Ninaacha échecs.”

Nilitaka kumzuia. Lakini nani awahi? Dau lilikuwa limewekwa mbele ya Papa Eugène, naye akalila.

Rolly akaacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa. Plamedi akasukuma kifuniko kimoja mbele. “Kula, papa.” Akakila huku anacheka, na mtoto akaruka akamlia viwili. Akasukuma kingine. “Kula, papa.” Akakila, na upande wake ukabomoka. Alikula kila alichopewa, na kila alipokula alipungua. Watu walianza kucheka, mteja wa Rolly zaidi ya wote. Papa Eugène akabaki na kete mbili: moja imebanwa pembeni, haina pa kwenda, na nyingine iliyofika mwisho wa ubao ikapanda cheo, fahari yake yote.

Plamedi akasukuma kifuniko kingine, polepole. Safari hii hakusema kitu.

Baba alinyoosha mkono. Ukasimama hewani. Nilimwona anatazama kile kifuniko, kisha vile vilivyo nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mtu huyu alifikiri kabla ya kumeza. Akauona mtego. Jasho likamtoka. Akaishika kete yake kubwa, akairudisha nyuma mbali na hatari, kisha akatutazama kwa kiburi, kama mtu aliyekwisha kupata hekima.

Plamedi akaiokota ile kete kubwa. Akaipuliza fuu!, akaitia mfukoni mwa sketi yake.

“Papa,” alisema, “haukukula.”

Kisha akarekebisha mfuko wake begani, akashika njia ya paroisse.