Robo Saa ya Mativo Juu ya Paa

Mnunuzi anayetabasamu kabla ya kuuliza bei ameshanunua. Mimi nauza vyombo vya umeme vya mtumba pale soko la Mutindwa, Nairobi, na hilo ndilo jambo la kwanza soko lilinifunza: tazama uso, ndipo utaje bei. Siku Mativo alipoinama kwenye rundo langu akaibuka na kiredio cheusi chenye antena fupi na vibonye vingi, alikipakata kama mtoto aliyetoka kuzaliwa. Kilikuwa kimelala pale tangu masika, maana hakikushika stesheni yoyote ya muziki na hakuna aliyekitaka.

"Mama Ndanu, unajua hii ni skana?"

Sikujua. "Ndiyo maana bei yake iko juu," nikamwambia, nikataja bei ambayo mtu mwenye akili angeicheka.

Hakucheka. Alitoa pesa akauliza kama nina chaja yake. Nikamuuzia na chaja.

Huyu ni jirani yangu. Tunakaa ploti moja hapa Mowlem, mimi chini karibu na geti, ambako pia nina kiduka cha sabuni na sukari, yeye na mkewe Kasiva na mtoto wao Mumo orofa ya juu kabisa. Anaendesha gari la mikate. Mikate husambazwa alfajiri, kwa hiyo mchana kazi imekwisha. Madereva wenzake wakishaegesha hutafuta kibarua cha pili. Mmoja ana kibanda cha kinyozi, mwingine anachoma mahindi na watoto wake wanasoma vizuri. Mativo akishaegesha hupanda juu ya paa kusikiliza.

Nilimuuliza anasikiliza nini. Akanieleza kwamba kile kiredio hupekua hewa chenyewe, na kikikuta mtu au kitu kinaongea kinasimama. Akanisikilizisha rubani akiomba ruhusa ya kutua. Akanisikilizisha maikrofoni ya mhubiri wa kanisa la mabati nyuma yetu, ambaye tayari tunamsikia bila skana, tena kwa lazima. Halafu walinzi fulani wakiulizana ni nani ameondoka na ufunguo wa geti. Hapo masikio yangu yakasimama.

"Wale walinzi wa godauni ninakonunulia, kule Industrial Area, nao wanashikika?"

"Wanashikika."

"Basi kontena ikifika uniambie. Nifike kabla ya wengine."

"Hayo ni maongezi ya watu, Mama Ndanu. Kusikia nasikia. Kupeleka sipeleki."

"Sasa unasikia ya nini?"

"Nataka tu kujua ni nani yuko hewani."

"Na ukishajua?"

"Nageuza stesheni."

Anageuza. Ana kitu ambacho kila mfanyabiashara wa Eastlands angekilipia, na yeye anageuza.

Baadaye akaacha hata watu, akaanza kufuata milio. Kulikuwa na setilaiti moja kuukuu ya hali ya hewa inayopita juu yetu ikitoa sauti kama saa mbovu, kwi-kwa, kwi-kwa. Akiiweka simu yake karibu na skana, simu huugeuza ule mlio kuwa picha, mstari mmoja baada ya mwingine, mawingu na nchi kavu na bahari. Antena ya skana haikutosha kuishika, kwa hivyo akakata bomba mbili za alumini, akazitandaza kama miguu ya mtu aliyelala, akazifunga kwenye nguzo katikati ya paa.

Paa la ploti yetu si mahali pa kufanyia mchezo. Ndipo tunapoanika. Kila orofa ina kamba zake na siku zake, na msimu wa baridi, jua likigoma, jinzi moja hukaa siku tatu ikilia maji. Watu wamegombana kwa ajili ya pegi. Kwa kawaida antena ile isingemaliza hata siku moja.

Ikamaliza miezi, kwa sababu ploti nzima iliamini ni waifai.

Sijui nani alianza. Mtu aliona bomba, waya na mwanamume ameshika simu, akahitimisha. Watu wakawa wanapanda juu, wanaiinua simu karibu na ile nguzo na kusema kweli, hapa inashika vizuri. Khadro wa orofa ya tatu, ambaye ndiye anayeamua nani ataanika wapi, alihamisha kamba zake mbili ili asiizuie. Wakimkuta Mativo ngazini walimwambia, "Baba Mumo, asante kwa waifai," naye anaitikia kwa kichwa tu. Mtu wa kupanga maneno angeomba hata kitu kidogo kila mwezi. Mtu mwaminifu angesema hapana, si waifai. Yeye hakufanya la kwanza wala la pili. Alinyamaza kwa vile kunyamaza kulimpa nafasi.

Halafu ikaja wiki ambayo intaneti ilipotea mtaa mzima. Khadro akapanda hadi mlangoni kwa Mativo na kina mama wengine nyuma.

"Baba Mumo, washa basi."

"Niwashe nini?"

"Waifai."

Ndipo akasema ukweli, kwa wakati mbaya kuliko wote. Khadro hakupiga kelele. Aliuliza polepole, "Kwa hiyo nimehamisha kamba zangu kwa ajili ya bomba?" Kabla ya jioni Shitanda, keateka wetu, yule anayetukusanyia kodi na kutufungia maji, alikuwa amepata agizo: Jumapili kitu kile kishuke.

Mativo akaja dukani kwangu na uso umemshuka. Ilikuwa imetangazwa kwamba setilaiti ile inazimwa mwezi huohuo. Hakuwahi kupata picha nzima hata moja. Kila mara blanketi za watu zenye maji zilimzingira, na picha ikatoka na michirizi katikati ya Kenya. Jumamosi alasiri ingepita moja kwa moja juu ya vichwa vyetu. Alitaka paa tupu, robo saa.

"Jumamosi?" nikamwambia. "Siku ya kufua? Si uombe tu Khadro akupe na jiko lake."

"Ndiyo nimekuja kwako. Mimi sijui kuongea na watu."

"Hilo nalijua. Nilikuuzia skana."

Nilikubali, lakini si kwa huruma. Nilikuwa nimeona biashara ambayo yeye hakuiona. Mtu mwenye picha za mawingu, kwenye ploti ambayo nguo hazikauki? Kila asubuhi kina mama wangepita dukani kwangu kuuliza kama wafue, na mtu akishaingia dukani hatoki bila sabuni.

Nikamwendea Khadro. Sikumtaja Mativo. Nilimuuliza angetoa nini ili ajue jua litatoka lini.

"Nani anajua hilo?"

"Yule jamaa wa juu. Anaona mawingu kutoka juu yake."

"Yule wa waifai ya uongo?"

"Hakusema ni waifai. Nyinyi mlisema. Mpe robo saa. Akikuambia jua linatoka lini, bomba zibaki. Akishindwa, Shitanda azishushe, na mimi mwenyewe nitamshikia ngazi."

Khadro alifikiri, akakubali. Nikapanda kwa Mativo nikampa maneno, kama unavyompa mtoto shairi la shule. "Wakikuuliza, sema jua litatoka kesho. Basi. Usiongeze."

"Na lisipotoka?"

"Utasema lilichelewa. Wewe sema kesho."

Jumamosi kina mama walishusha nguo mbichi kwenye beseni, wakasimama ukutani mikono kiunoni. Mativo akapiga magoti kando ya nguzo. Kelele za skana zikakatika, kwi-kwa ikaingia, safi, na picha ikaanza kuteremka kwenye simu. Katikati ya robo saa ile Shitanda akauliza kama mashine hiyo inaweza kuona waliochelewesha kodi.

Picha ikakamilika. Hata mimi niliitazama. Pwani ilionekana, Ziwa Viktoria lilionekana kama shimo, na juu ya Nairobi kulikuwa na wingu jeupe, zito, limetulia.

"Haya, Baba Mumo," Khadro akasema. "Jua ni lini?"

Nilimkazia macho. Neno moja tu.

"Picha inaonyesha wingu liko wapi," Mativo akasema. "Haionyeshi litaondoka lini. Sijui."

Khadro alinigeukia mimi, si yeye. "Mama Ndanu, shika ngazi."

Nikashika ngazi. Mativo alizifungua bomba mwenyewe, akashuka nazo kwapani huku bado anaitazama simu, akijikwaa kila orofa. Angalau angekuwa na adabu ya kuhuzunika.

Na kesho yake, Jumapili, jua likatoka. Kali, asubuhi hadi jioni. Jinzi zikakauka hadi zikasimama zenyewe. Yaani hata uongo niliomfundisha ungekuwa kweli, na sasa angekuwa na paa hadi azeeke, na mimi ningekuwa na foleni mlangoni.

Wiki iliyofuata nilimwona akija kibandani Mutindwa. Ile setilaiti imeshazimwa, akaniambia, lakini Warusi wana nyingine bado iko hewani. Inataka bomba za shaba.

"Utaziweka wapi? Paa huna."

"Nitaongea na mkubwa wa kazini, niziweke pale yadi ya magari."

Ataongea. Nimemwona akiongea. Lakini macho yake yalikuwa yameshaliona rundo la shaba nyuma yangu, na tabasamu lile likaanza kumpanda usoni. Bei ikapanda nalo.