Mama Samir Alivyomnyima Ayub Sigara

Ukitaka kujua Kulthum alikuwa mtu wa aina gani, usiwaulize watu wa ploti yetu hapa Ruiru. Watakuambia alikuwa mwanamke katili aliyempokonya mgonjwa sigara mdomoni. Ni kweli alimpokonya, mimi Wangechi, Mama Maina, nilikuwepo. Lakini sipendi kusikia mtu akisengenywa na watu ambao hawajawahi hata kumwosha mgonjwa miguu.

Kulthum, ambaye sote tulimwita Mama Samir, alikuwa mjane wa Majengo, Thika. Asubuhi alikaanga mahamri, mchana alizunguka kwa wagonjwa. Kazi hiyo alifunzwa na masista wa kanisa, yeye na mtandio wake kichwani katikati ya Wakatoliki watupu, na ukimuuliza imekuwaje, alikujibu kwamba kifua hakina dini. Miaka hiyo ya tisini ukimwi haukutajwa. Mtu alisemekana ana “ule ugonjwa”, kisha sahani yake ikatengwa. Mama Samir alikuwa akija, anakunywa chai kwa kikombe cha mgonjwa mbele ya watu wote, na ukimkodolea macho anakuuliza kama na wewe umiminiwe.

Kwetu alikuja kwa ajili ya Ayub, fundi cherehani, jirani yangu wa mlango kwa mlango. Ayub alikuwa na kirusi, na juu yake TB. Nesi alimweleza waziwazi: TB inapona hata kwa mwenye kirusi, bora amalize dawa na aache sigara. Akiendelea kuvuta, kifua kile hakitaumaliza mwaka. Naye Ayub alikuwa na binti, Hayat, ambaye wakati huo alikuwa bado anatambaa. “Mama Maina,” aliniambia siku moja, “sitaki kingine. Nataka tu huyu mtoto anijue. Nisiwe picha ya ukutani.” Niliaga haraka nikaenda kulilia kwangu.

Sasa niambie, mtu anayesema hivyo si ataacha sigara? Thubutu! Na hata kama angetaka kuacha, nani angemwacha aache? Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Kila aliyekuja kumwona alileta mkate, machungwa, na sigara. Rafiki yake Odhiambo, aliyefanya kazi kiwandani Thika, alileta pakiti nzima kila Jumamosi. Hata Leila, mke wake mwenyewe, alimnunulia. Nilipomuuliza, alinitazama kwa macho ya mtu ambaye hajalala. “Dada, nimnyime nini tena? Chakula hakipiti. Kitu anachoitisha kwa mdomo wake ni hicho tu.”

Jumamosi moja Mama Samir akaingia, akamkuta Ayub na sigara mdomoni na Odhiambo ameshika kiberiti. Hakusalimu. Aliichomoa akaivunja. Odhiambo akasimama, na ni mtu mrefu.

“Mama, kwa heshima zote, mwache mwanaume avute. Kwani amebakisha siku ngapi?”

Ngai! Kusema hivyo na mwenyewe amelala pale anasikia! Leila akaangalia chini. Mimi nilitamani kumzaba kofi.

“Ahaa,” Mama Samir akasema. “Kumbe hamleti zawadi. Mnamletea sanda, pakiti kwa pakiti.”

Odhiambo akatoka bila kuaga. Ayub naye akawaka. “Na wewe nenda! Unajua nini kuhusu sigara, mama mzima wa kuuza mahamri?”

Mama Samir akajivutia kigoda. Akasema alivuta miaka mingi kabla ya kuacha, tangu hajaolewa. Akaolewa, akawa anavutia chooni, akitoka anatafuna karafuu ili mama mkwe asinuse. Siku moja mama mkwe akaingia choo kile kile, moshi haujaisha, akatoka akipiga kelele kwamba choo kinaungua, majirani wakaja na ndoo za maji. Ayub alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Leila akaja kumshika mgongo. Kisha Mama Samir akatoa karafuu kwenye pindo la leso yake, akamwekea kiganjani.

Lakini karafuu peke yake haimwachishi mtu sigara. Ramadhani ikaingia. Huo ndio msimu wa mafundi, watu wote wanashonesha nguo za Idi, na kibanda cha Ayub kilikuwa kitupu. Waliokuwa wameleta vitambaa walivifuata mmoja mmoja, ati wana haraka, ati shangazi amepata fundi mwingine. Waoga wakubwa! Ayub alishinda akiangalia cherehani tu iliyofunikwa shuka.

Mama Samir akaja na kitambaa cha maua ya zambarau, kipya, akakitandaza kitandani.

“Nipime.”

“Mama Samir, Idi iko mlangoni. Hata kukanyaga cherehani siwezi.”

“Nani amekuambia ni ya Idi hii? Ni ya Idi ijayo.”

Ayub akamkazia macho. “Unanicheka?”

“Nitoe pesa yangu ya mahamri ninunue kitambaa cha kukucheka? Nipime. Na nikwambie mapema, nikipata nguo yangu inanuka sigara nitakurudishia mbele ya watu. Mimi nimeacha, sitaki shetani anirudie kupitia gauni.”

Ayub alikishika kile kitambaa kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka. Tangu alale, hakuna mtu aliyekuwa amemtajia mwaka kesho. Kisha akaomba futi yake ya kupimia.

Usidhani alipona uvutaji siku hiyo. Alikuwa mkali kama nyuki. Alimrushia Leila sufuria, alinitukana mimi na kabila langu, kesho yake akaomba msamaha, kesho kutwa akanitukana tena. Siku moja nilimkuta nyuma ya tangi la maji, anavuta. Leila alilia, akasema basi, kazi yote imeharibika. Mama Samir alipoambiwa alisema tu, “Kwani mtu akijikwaa analala hapo hapo barabarani?” Akampa karafuu nyingine. Kisha akaenda mwenyewe hadi kiwandani kumtafuta Odhiambo. Sijui walizungumza nini, ila Jumamosi iliyofuata Odhiambo alikuja na machungwa, na aibu.

Ayub akamaliza dawa zake zote. Kifua kikatulia, mwili ukarudi, cherehani ikafunuliwa. Idi ijayo ilipofika, Mama Samir alivaa gauni lake uani, akainua mkono, akapaza sauti mpaka ploti nzima ikasikia: “Kwapa limebana! Wewe ni fundi gani?” Sijawahi kumwona mtu akifurahia kugombezwa kama Ayub siku ile.

Ayub alitufia mwaka wa tisini na tisa, kwa nimonia, akiwa kitandani mwake. Baada ya maziko wanaume walikaa nje kwenye viti vya kukodi. Odhiambo alikuwa karibu nami. Akawasha sigara, akavuta, akasema polepole, “Mama Maina, si hata hivyo amekufa? Tulimnyima bure.”

Nilikuwa tayari na jibu, tena kali. Lakini Hayat, aliyekuwa na miaka minne, alikuja kutoka mlangoni akasimama mbele ya magoti ya Odhiambo, mikono kiunoni.

“Zima. Baba hapendi moshi.”

Odhiambo akamwangalia. “Nani alikuambia?”

“Baba. Anasema mtu akitaka moshi aende mbali, mimi na yeye tunataka kupumua.”

Odhiambo aliizima kwa kiatu. Alimpakata yule mtoto akalia kwa sauti, mpaka Mama Samir akatoka ndani kuangalia ni nani.