Nitie Ukungu

Mama yangu hajawahi kumtazama mume wangu usoni, na hapo sitii chumvi. Kwetu, katika vijiji vya Njombe nilikokulia, mama wa kizamani hamtazami mkwe wake wa kiume, na mkwe naye hamtazami. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Vijana wa sasa wameshayaacha hayo, wanapiga selfi na mama wakwe zao mashavu yamegusana. Mama yangu si kijana wa sasa. Mume wangu akifika nyumbani, mama anajifunika kitenge kuanzia kichwani, anaitikia "marahaba" akiwa nyuma ya mlango wa jiko, kisha anampelekea chakula kwa mkono wangu. Chakula chenyewe ni cha kulisha kwaya nzima.

Mume wangu ni mtu wa Tanga, fundi wa malori hapa Makambako. Kwao mama mkwe anaketi nawe, anakutania kwa kukonda kwako, anakuuliza utazaa lini mwingine. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yetu aliamini kwamba mama hakumtaka. Wala hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema kesho kutakuwa na upepo, na Makambako upepo upo kila siku.

"Hiyo ni heshima," nilimwambia.

"Heshima gani ya kumpa mtu mgongo?"

Nilieleza mpaka nikachoka. Nikianza upya ananiitikia "sawa, mama watoto," kwa ile sauti ya kumnyamazisha mtu, na mimi moto unaniwaka kifuani. Niliumia kwa ajili yake, na nilimkasirikia pia, maana ni nani anayekuchukia halafu akuwekee paja zima la kuku?

Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja: picha yao wawili pamoja. Si kwa ajili ya ukuta. Nilitaka mume wangu aone kwa macho yake kwamba ana mama mkwe, na kwamba huyo mama mkwe ana uso. Kazi yangu ni picha, nina studio ndogo karibu na stendi, napiga za pasipoti, harusi na kipaimara. Nimewapanga wakwe wa watu mstari kwa mstari, nimewaambia wasogee, wacheke, washikane mikono. Wangu walinishinda.

Kamera ninayotumia sasa ni ya kitaalamu, nimeinunua kwa mpiga picha wa Iringa aliyeacha kazi hii akaingia kwenye parachichi. Aliniachia na mkoba wake, lakini maarifa yake aliondoka nayo. Miezi ya mwanzo ilinitesa. Ukichungulia ndani yake unaona vidoti vingi vimesambaa katikati ya picha, na kidoti kinachowaka chekundu ndipo kamera imeweka fokasi, yaani ndipo patakapotoka safi. Mimi niliiachia ichague yenyewe. Niliwaza, mashine ya bei hii itakosaje akili?

Akili inayo, ila ni ya mgeni mlafi: inakamata kilicho karibu, au chenye maua mengi. Bibi harusi amesimama, upepo unainua shela, kamera inachagua shela. Mshereheshaji ananyoosha mkono, inachagua kipaza sauti. Nina picha moja ya maharusi wakila kiapo ambayo ndani yake kitu safi kuliko vyote ni ua la plastiki. Nikailaumu lenzi, nikalaumu taa za ukumbi, nikamlaumu na yule mtu wa parachichi.

Kisha ikaja wiki isiyo na shughuli. Nikachukua kiti, nikaketi mlangoni nikitazama malori yanayosubiri njia panda. Nyuma ya kamera kuna kitufe kidogo unachokichezesha kwa dole gumba. Nikazima ule uchaguzi wa otomatiki, nikabaki na kidoti kimoja tu, nikakisogeza. Lori likisimama, mbele yangu kuna kioo kilichojaa stika na shanga zinazoning'inia, na nyuma ya kioo kuna dereva anapiga miayo. Kidoti kwenye stika, dereva anakuwa kivuli. Kidoti kwenye jicho la dereva, stika zinayeyuka. Sikuwa nimeinuka kitini, lori halikuwa limesogea, lakini zilikuwa picha mbili za mambo mawili tofauti. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba kamera haijui nani ni muhimu. Inasubiri uiambie, na usipoiambia inaokota chochote. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu, chai ikapoa.

Tulipokwenda nyumbani msimu wa kuvuna viazi, nikaenda na kamera. Jaribio la kwanza lilikuwa la kijinga, na ujinga wenyewe nilikuwa nimeupanga. Nilimweka mume wangu uani kwenye kigoda akipanga viazi kwenye gunia, nikangoja mama atoke jikoni. Akatoka. Akamwona mkwe, akavuta kitenge mpaka puani, akageuka kama askari. Kwa kidoti changu kimoja nilipata mgongo wa mama, safi kabisa, uzi kwa uzi. Mume wangu alipoutazama kwenye kioo cha kamera alicheka kidogo.

"Huo mgongo naujua," alisema, akarudi kwenye viazi vyake.

Kesho yake asubuhi niliingia jikoni na kamera begani. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye miti ya miwati ukingoni mwa uwanja, huoni hata choo. Mama alikuwa anamenya viazi karibu na moto.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Jana ulikuwa unaniwinda na hilo dude lako."

Nikamwambia ukweli wote. Kwamba mkwe wake anaamini hapendwi. Mama aliacha kumenya.

"Amesema hivyo?"

"Miaka yote."

"Na kuku ninaowachinja anadhani nawachinjia nani?" Alikuwa na uchungu, niliusikia. Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Mimi siwezi kumwonyesha uso, mwanangu. Mama yangu hakumwonyesha baba yako. Nianze leo, uzeeni, nitajisikia nimevua nguo."

Nikaichezea kamera mapajani, maana mikono yangu haijui kutulia. Mama akaisogelea.

"Hiyo inamwona nani kwanza?"

"Inamwona nitakayemchagua." Nikamwonyesha kidoti, nikakiweka kwenye sufuria, kisha kwenye mlango. "Huyo anatoka safi."

"Na wengine?"

"Wanakuwepo, ila kwenye ukungu."

Neno lilinitoka tu, ndivyo tunavyosema studio. Mama akageuka kutazama nje, kule kweupe, halafu akaanza kucheka taratibu.

"Unajua, kwenye ukungu hatukimbii mkwe," alisema. "Toka zamani. Mkikutana asubuhi kama hii hakuna anayeingia majanini, unapita naye hapo hapo, mnasalimiana vizuri kabisa. Humwoni, hakuoni. Hakuna aliyekosea." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Basi mchague yeye. Mimi nitie ukungu."

Jua lilipopanda tulifanya hivyo. Mume wangu nilimweka kwenye kigoda uani, amenielekea mimi, jiko likiwa mbali nyuma yake. Nikamwambia asigeuke hata akisikia nini. Nikaweka kidoti kwenye jicho lake la kushoto, tundu la lenzi nikalifungua ili cha nyuma kilainike. Mama akatoka akasimama mlangoni, kitenge kichwani. Nikapiga moja, nikaenda kumwonyesha.

"Macho yangu yanaonekana?"

"Hayaonekani."

"Hakika?"

Alikichunguza kioo kama anayekagua noti. Kisha akarudi mlangoni. Nakiri shetani alinipitia hapo. Ningeweza kulifunga lile tundu kidogo tu, mama angetoka safi na nukta za macho yake, na yeye asingejua kamwe. Dole gumba lilikuwa tayari. Lakini alikuwa ameniamini kwa jambo zito kuliko picha, nikaacha kila kitu kilivyokuwa.

Nikachungulia. Kidoti kikawaka chekundu kwenye jicho la mume wangu. Nyuma yake, ndani ya ule ukungu, mama alishusha kitenge mpaka mabegani. Akanyoosha shingo. Akamtazama mkwe wake, kisogo chake, masikio yake, shati lake la kazini, akamtazama kwa raha zake kama mtu aliyesubiri muda mrefu. Nikapiga, nikapiga tena, machozi yananisumbua kuona.

Mama alipokwisha kuingia ndani nilimpa mume wangu kamera. Alijiona kwanza, kila unywele wa ndevu. Halafu akaona kule nyuma. Akabonyeza kitufe cha kuvuta picha karibu, akavuta, akavuta, na kadiri alivyovuta mama alizidi kuyeyuka, mpaka akabaki rangi ya kitenge na doa la kahawia. Nilimwona anakunja uso, nikajua anaona mgongo mwingine tena.

"Rudisha," nikamwambia. "Iache ndogo."

Akarudisha. Picha ikawa ndogo, na lile doa likajikusanya likawa mwanamke mlangoni, kichwa wazi, anacheka.

Mume wangu akavuta tena, akarudisha tena. "Nikimvuta ananipotea," alisema hatimaye. "Nikimwacha alipo, anacheka." Sauti yake haikuwa ile ya kuninyamazisha.

Kutoka jikoni mama aliita kama kawaida, kwamba nije nichukue chakula cha mgeni. Nikainuka. Mume wangu akanishika mkono, akanikalisha. Kisha akasimama, akageuza kigoda chake kikaelekea miwati, akaketi, akampa mama yangu mgongo. Halafu mama akatoka mwenyewe na sahani mikononi, bila kujifunika, akavuka uwanja mpaka nyuma ya mkwe wake, akaiweka chini karibu na mkono wake.

"Karibu chakula, baba," alisema.

"Ahsante, mama," alijibu mume wangu, akiitazama miwati.