Gia ya Pili Haipo Tena Kwenye Goti la Mwalimu

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kwenye uwanja mtupu nyuma ya ghala la mbao, gari dogo jeupe lenye kibao cha mwanafunzi linaunguruma bila kwenda popote. Nyuma ya usukani ameketi muuza dawa wa dukani, mwanamke mtu mzima ambaye wateja wake humwogopa. Leo anayeogopa ni yeye. Kushoto kwake yupo mwalimu wa udereva, mwenye miaka hamsini na minane, na mikono yake yote miwili ameikalia.

Ndiyo, ameikalia. Ni adabu mpya aliyojiwekea mwenyewe, na inamtesa.

Gari linaondoka kwa kurukaruka. Mwalimu anataja gia ya pili. Muuza dawa anashika gia, anasita, kisha jicho lake linateleza hadi kwenye goti la mwalimu na kubaki hapo.

"Usiniangalie goti," anasema mwalimu. "Goti halitakuja kwenye mtihani."

Wanafunzi wake wanamwita Mama Klachi, kwa sababu ya neno analolitamka mara nyingi kuliko salamu. Amefundisha kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda huo amemaliza magari mawili. Hili la tatu nalo si kijana. Lina gia nne na rivasi, milango inayofungwa kwa kubembelezwa, na hadi miezi mitatu iliyopita lilikuwa na liva ya gia ndefu iliyolegea, ambayo kuitoa ya kwanza kwenda ya pili ilikuwa safari ya kuaga watu nyumbani.

Safari hiyo aliifanya yeye. Mwanafunzi akipotea, mkono wa kulia wa mwalimu huruka, hushika mkono wa mwanafunzi pamoja na gia, na kuupeleka unakotakiwa. Kwa siku yenye wanafunzi sita, anakadiria, ni mara mia tano. Mwaka jana bega likaanza kugoma. Alijikaza kisabuni mpaka asubuhi moja aliposhindwa kuinua mkono kufunga kilemba.

Daktari hakumzungusha. Alimwambia ama apunguze mwendo wa mkono huo, ama aache kazi. Watoto wake, ambao wote wana kazi za kukaa kwenye kiti, walikuja na jibu lao: anunue gari la otomatiki.

"Gari hilo mwalimu anakaa kama mgeni," anasema. "Nitafundisha nini? Kufunga mkanda?"

Anacheka, kisha anaacha kucheka. Anakiri kuwa aliogopa. Hajui kazi nyingine, na anajijua: akikaa nyumbani wiki moja tu, ataanza kusimama dirishani kuwakosoa wapita njia wanavyokata kona.

Aliyempa matumaini ni fundi wake wa gereji, mtu mwembamba asiye na haraka hata gari likiwaka moto. Alimwambia dawa ya bega lake ni gia fupi, ile ambayo vijana wapenda mbio huifunga ili wabadilishe gia kwa kufumba na kufumbua. Mkono unasogea kidogo tu, gia imeingia. Ila akamtahadharisha: ni kama mwiko, ukiushika karibu na sufuria mkono hauendi mbali, lakini ugali unakuwa mzito. Mwendo ukipungua sana, nguvu inayotakiwa inaongezeka. Kwa hiyo lazima kuchagua.

Neno kuchagua lilimleta mume wa mwalimu. Ni fundi cherehani, miaka sitini na mitatu, na mtaani wanamwita Mzee Inchi kwa kuwa utepe wa kupimia haushuki shingoni mwake hata msibani. Mganga hajigangi: mzee huyu amelala kitanda kimoja na mwalimu wa udereva kwa miaka thelathini na hajawahi kuendesha gari. Alipewa somo moja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa. Liliishia kwenye mzunguko wa barabara, ambako mwanafunzi alifungua mlango, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Walinuniana siku mbili. Tangu hapo habari hiyo haikuguswa tena.

Lakini aliposikia kuna kitu kinachaguliwa kwa urefu, alifunga cherehani yake akaenda gereji. Aliipima gia ya zamani kutoka ya kwanza hadi ya pili. Inchi saba na robo.

"Hapa pana kitambaa kingi cha bure," alisema.

Fundi alikuwa na gia za aina tatu, na ya moyoni mwake ilikuwa moja. Mwalimu akatoa uamuzi: hatachagua fundi wala utepe, litachagua bega. Kila gia ifungwe, injini izimwe, aibadilishe mara arobaini. Itakayoshindwa njiani itolewe. Fundi alifunga na kufungua Jumamosi nzima, huku akikumbusha kila mara kuwa mchagua nazi hupata koroma.

Ya kwanza ilikuwa liva ya kawaida iliyokatwa kwa msumeno na kuchomelewa kichwa upya. Ilikuwa rahisi kwa bei na fupi kweli, lakini sasa ilibidi mwalimu ainame kuifuata chini, kama mtu anayetafuta hereni chini ya kiti. Bega lilikataa mara ya tisa.

Ya pili ndiyo kipenzi cha fundi. Ilikuwa ya mbio, inang'aa, yenye kichwa chekundu. Mzee Inchi aliipima akapiga mluzi: inchi mbili na nusu. Ilikuwa ngumu kama komeo la lango la chuma. Fundi aliwasha injini kidogo ili mwalimu asikie utamu wake, na mtetemo wa giaboksi ukapanda hadi kwenye kiwiko.

"Meno yangu yanasikia," alisema mwalimu. Ilifika mara ishirini na mbili.

Ya tatu haikuwa na sura. Nyeusi, urefu wake unakaribia ule wa zamani, isipokuwa kwa chini egemeo lake, pale liva inapopindia, lilikuwa limepandishwa, ili mkono usogee kidogo bila kubeba mzigo mkubwa. Kichwa chake kilitoka gari lingine, na ramani iliyochorwa juu ilionyesha gia tano, moja zaidi ya zilizopo. Inchi nne kamili. Mwalimu alihesabu arobaini, akaendelea hadi sitini huku akizungumza mambo mengine. Mzee Inchi alikwenda kukishonea kichwa kile kikofia cha ngozi kuificha ile ramani ya uongo.

Iligharimu ada za wanafunzi wawili. Mwalimu aliendesha kurudi nyumbani akiimba.

Jumatatu ikawa kilio.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa muuza dawa, aliyebakiza miezi michache afanye mtihani. Akaweka ya kwanza vizuri. Alipoambiwa ya pili alivuta gia nyuma, akaivuta, akangoja, akaitoa. Gari likazima. Lilizima mara saba kwenye njia panda moja, na mwenye lori la nyuma alishuka akaja kuuliza kama kuna msiba. Wa pili akaweka rivasi akitafuta ya tatu, na kelele za giaboksi zikasikika hadi kwenye ghala la mbao. Hata mwalimu, mkono wake uliporuka kwa mazoea, ulipita mahali gia ilipokuwa zamani ukakamata breki ya mkono. Kufika jioni, wanafunzi wawili walikuwa wametaka gia ya zamani irudishwe.

Muuza dawa ndiye aliyesema neno. Hakusema kwa ubaya. "Mwalimu, ulinifundisha kwamba ya pili ni hapa," alisema, akagusa goti la mwalimu. "Sasa hapa haifiki."

Ilikuwa kweli. Ile liva ndefu, ikivutwa kwenye ya pili, ilikuja kugonga goti la anayekaa kushoto. Ya tatu, kucha ya mwanafunzi iligusa kitufe cha redio. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo, ila kwa miaka mingi ya gari hili wanafunzi walijifunza mwili wa mwalimu na kitufe cha redio, wakidhani wanajifunza gia. Mazoea yana taabu.

Hapo mwalimu akakumbuka wahitimu wake. Kila mwaka kuna waliorudi wakilalamika kuwa wameshindwa kuendesha magari yao wenyewe. Mmoja alimwambia waziwazi: "Gari langu halina goti lako." Yeye alimcheka, akamwambia ni uvivu.

"Nilikaa kwenye ngazi nikalia," anasema. "Halafu nikacheka. Halafu nikalia tena, maana wapo niliowatoza masomo ya marudio."

Jibu alilipata uani kwake kesho yake asubuhi. Alitoka na ndoo ya kuoshea gari, akamkuta mumewe kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, macho ameyafumba. Mkono wake ulikuwa unapitisha gia, ya kwanza hadi ya nne na kurudi, bila kukosea, huku akinong'ona vipimo. Inchi nne nyuma. Mbili mbele, chembe kulia, mbili mbele tena. Tangu ile Jumamosi ya gereji alikuwa ameijua gia kama anavyojua bega la mteja, kwa mkono, na hakuwa na goti la kusahau kwa sababu hakuwahi kufundishwa kwenye gari hili.

Mwalimu aliweka ndoo chini. Hakusema klachi wala breki. Alimwuliza tu kama anaweza kurudia.

Siku hizi kila mwanafunzi wake huanza hivyo: robo saa, injini imezimwa, macho yamefumbwa, na mwalimu amekalia mikono. Muuza dawa anafanya mtihani wiki ijayo, na wahitimu sita wa zamani wamerudishiwa masomo bure. Bega limepata nafuu. Hata hivyo daktari amesema gia fupi hairudishi ujana. Limepata miaka miwili, labda mitatu. Mpango wa Mama Klachi ni kuitumia yote. Baada ya hapo atafundisha kwa mdomo tu, na awepo mtu wa kumpeleka na kumrudisha nyumbani.

Mtu huyo yuko darasani. Ijumaa saa kumi jioni anatoa gari langoni, mwandishi wa makala haya akiwa kiti cha nyuma ameshika mkanda. Linazima mara moja. Mzee Inchi anamwita mkewe mwalimu, kama kanuni za gari zinavyotaka, na mwalimu ananyamaza, jambo ambalo majirani hawataliamini. Wanaufikia ule mzunguko wa barabara. Mzee anapunguza, anaingia, anatoka upande wa pili bila kushuka. Ya pili. Ya tatu. Barabara inanyooka.

Kisha mkono wake unaiacha gia, unavuka na kutulia kwenye goti la mwalimu.

"Mzee," anasema mwalimu, "hapo hakuna gia."

"Najua, mwalimu."

Anamwamuru arudishe mikono yote miwili kwenye usukani. Lakini anamwamuru baada ya kupita nguzo tatu za umeme.