Babu Niliyemwandika Mara Mbili

Mwaka ule wakimbizi walipofurika Ngara, mwalimu wetu wa darasa la sita pale Mbuba alituagiza tuandike habari za babu zetu: walizaliwa wapi, walilima nini, walipenda nini. Wenzangu waliandika mistari mitatu. Mimi, kwa kiherehere changu, nilimkalisha bibi jikoni jioni mbili, naye, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza, alimwaga yote. Marehemu babu alichonga mizinga ya nyuki. Aliogopa vyura. Alizaliwa ng'ambo ya Mto Ruvubu, Burundi, akavuka na bibi, baba yangu akiwa bado tumboni. Nilijaza kurasa mbili, nikakusanya daftari Ijumaa.

Jioni nikajisifu mbele ya baba. Aliacha kula. Siku hizo mgambo walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba kutafuta waliotoroka kambini, na jirani yetu mmoja, Mrundi aliyeishi hapa tangu utoto, alikuwa ameshapandishwa lori. Sisi tulikuwa tumesalimika kwa sababu Kihangaza, lugha ya Ngara, na Kirundi vinasikilizana, na ukishalima na watu miaka mingi, ulimi haukuumbui. Maandishi ndiyo yanayoumbua.

"Umetuuza," baba alisema.

Hakunipiga, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana baba yangu alikuwa mwepesi wa kiboko.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu. Kila lori nililolisikia barabarani niliona linakwenda kwetu. Nilimkuta akianika maharage.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Jumamosi hii unatafuta nini?"

"Daftari langu. Nimekosea."

Aliingia ndani akalileta. Kwa wino mwekundu alikuwa ameandika "Vizuri sana". Akazichana zile kurasa mwenyewe, akanikabidhi.

"Kaandike upya," alisema. "Na iwe fupi."

Baba alizichoma mafigani. Halafu tulikaa watatu tukamtunga babu mpya: mzaliwa wa Nyamiaga, papa hapa Ngara, mkulima wa migomba, basi. Baba akamkaririsha bibi mpaka akaacha kubabaika. Bibi mzima alirudia maneno kama mtoto wa chekechea, machozi yakimlengalenga, nami nilitamani ardhi inimeze.

Mgambo walipofika walimwuliza bibi. Alijibu bila kukosea, wakapita.

Sasa mimi ni mtu mzima, nahangaika kumtafuta babu yule wa kwanza, na yaliyokuwa katika kurasa zile nimeyasahau karibu yote. Nilijaribu mara ya mwisho bibi alipokuwa kitandani, mgonjwa. Kambi zilikuwa zimefungwa zamani, na hakuna mtu ambaye angetufukuza. Nilimshika mkono, nikamwomba anisimulie habari za mumewe.

Alitazama mlangoni kwanza.

"Alizaliwa Nyamiaga," akasema. "Mkulima wa migomba."