Kibuyu cha Mama

Kazi yangu ni kuchunguza jinsi seli zinavyokufa mitokondria zinapoharibika. Mitokondria ni kama meko madogo yanayoipa seli nguvu. Nilichukua maziwa ya ngamia wenye kiu kule Leparua, mwenzangu Kinoti akachukua ya ngamia waliokunywa maji. Seli zilizomo katika maziwa yake zilikuwa hai. Zangu, karibu zote zilikuwa zimekufa.

Wiki jana nikasimama mbele ya wakubwa wa kaunti, Mama akiwa kiti cha mbele, nikatangaza kwa sauti ya daktari kwamba ukame unazima meko hayo.

Mkubwa mmoja akauliza maziwa tuliyabeba na nini. Kinoti akasema chupa za maabara. Mama akanijibia kwa fahari.

"Huyu ni msafi tangu utotoni. Alibeba na kibuyu changu, na alikifukiza moshi mwenyewe mpaka ndani kikawa cheusi."

Ukumbi ukaitikia kwa vichwa, maana kwetu chombo cha maziwa husafishwa hivyo. Nami ndipo nikakumbuka kwamba moshi unaoua vijidudu hauchagui, huua na seli.

Kinoti alinitazama, kisha akafunga kompyuta polepole.